Utabiri wa mvua usomeni mpaka kipande cha afya

Wasomaji wa Arusha, Moshi, Babati na Katesh mnaofungua ukurasa huu huku mvua ikigonga bati kwa wiki nyingine tena, swali lenu nalijua: itakatika lini? Hata mimi wagonjwa huniuliza, kana kwamba kifaa changu cha kusikilizia moyo kinasikiliza na mawingu. Wenye jibu ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Hutoa mwelekeo wa msimu kabla masika haijaanza, kisha taarifa za siku 10, na tahadhari za siku tano zijazo. Ombi langu leo ni kwamba taarifa hizo mzisome kama mnavyosoma majibu ya maabara, yaani mkimaliza kusoma muwe na jambo la kufanya.

Tuanze na lugha yake. TMA ikisema nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani Arusha, Kilimanjaro na Manyara, zitapata mvua za "wastani hadi juu ya wastani", wengi husikia neno wastani na kutulia. Wastani huo ni hesabu ya miaka mingi, na unajumlisha msimu mzima. Msimu wa wastani unaweza kumwaga sehemu kubwa ya mvua yake ndani ya siku chache, na siku hizo chache ndizo zinazofurisha vyoo. Kwenye tahadhari za siku tano, angalia rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake utaona mistari miwili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa usiupuuze. Watu wa Katesh hawahitaji kuelezwa hilo tangu Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua makumi ya watu.

Taarifa ya msimu ina pia ushauri kwa kila sekta, na afya imo. Wengi huishia kwenye kilimo. Mimi naona hicho kipande cha afya ndicho kinachopaswa kubandikwa ukutani, kwa sababu magonjwa ya mvua huja kwa zamu, na zamu zenyewe zinajulikana.

Zamu ya kwanza ni kuhara. Maji ya mvua yakishachanganyika na ya vyoo, kipindupindu kinaweza kumpata mtu ndani ya saa chache hadi siku tano tangu anywe maji machafu. Kinyesi hutoka kama maji yaliyooshewa mchele, mara nyingi bila maumivu makali ya tumbo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mtoto hauawi na kuhara kwenyewe, huuawa na kukaukiwa maji mwilini. Hivyo weka nyumbani leo pakiti kadhaa za ORS. Pakiti moja ya kawaida huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, si kikombe kimoja ili "iwe kali", na ikipita siku moja mwaga, tengeneza nyingine. Kama huna, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa vitakusogeza hadi kituoni. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ukifika omba na zinki, ambayo hutolewa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Macho yakidumbukia, akilia bila machozi, akizubaa au akishindwa kunywa, usisubiri asubuhi.

Maji ya kunywa yachemsheni au muweke dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi, maana klorini huzidiwa na tope. Hapa nina neno kwa wa Arumeru na Hai, ambako meno ya watoto huwa ya kahawia kwa sababu ya madini ya floridi kwenye visima na chemchemi. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji ya mvua kwa kawaida hayana shida hiyo, kwa hiyo masika hii ni nafasi ya kukinga. Acheni mvua ya kwanza ioshe bati na mifereji, kisha kingeni kwenye tangi lenye mfuniko, na mtibu maji hayo kama mengine kabla ya kunywa.

Zamu ya pili ni malaria, na yenyewe haina haraka. Mbu anahitaji wiki moja au mbili kutoka yai hadi kuruka, vimelea vinahitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake, na ukishaumwa homa huchukua wiki moja au zaidi kuanza. Ndiyo maana wagonjwa huongezeka wakati jua limerudi na watu wameshakunja vyandarua. Kwenye miinuko yenu malaria si nyingi, na hilo lina upande wake mbaya: miili haijaizoea, hata mtu mzima anaweza kuzidiwa. Homa yoyote ipimwe. Dawa mseto mliyobakiza kabatini mwaka jana si kipimo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kila masika. Barabara ikikatika, mwenye mafua atavumilia. Asiyeweza kuvumilia ni mgonjwa wa presha, kisukari, kifafa, pumu au selimundu aliyebakiza vidonge vya siku nne. Wanaotumia dawa za kufubaza VVU na hali zao zimetulia hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo mmoja, na utaratibu huo umethibitika kufaa. Kwa nini bibi mwenye presha iliyotulia, anayeishi ng'ambo ya korongo, apewe za mwezi mmoja na kuambiwa arudi katikati ya Aprili? Waganga wafawidhi wa maeneo haya wanaweza kulipanga hili mapema, utabiri wa msimu unapotoka, kwa kuagiza akiba kabla ya njia kuharibika. Kila mwaka tunasubiri mto ujae ndipo tuandike barua.

Wakati hilo halijafanyika, mgonjwa jisemee. Hesabu dawa zako usiku huu. Zikiwa chini ya wiki mbili, nenda siku ambayo njia bado inapitika, na mwambie mtoa dawa unakoishi na mto unaovuka. Dawa zifungie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, ziwe juu, si uvunguni. Kidonge kilicholowa usianike juani ukameza. Kwa insulini, umeme ukikatika, chupa zifunge vizuri na uziweke ndani ya chungu kilichokaa kwenye mchanga wenye unyevu.

Wajawazito waliofikisha wiki ya 36 wasogee karibu na kituo, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo. Baba, hii ni kazi yako pia, nauli iwe mkononi. Namba 115 ya m-mama hupigwa bure kwa dharura ya uzazi, lakini gari haliogelei.

Baridi nayo huleta nimonia. Mvue mtoto shati akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari, na wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Mbavu zikibonyea ndani, ondokeni mara moja. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale chumbani. Gesi yake haina harufu, na familia hulala isiamke.

Wafugaji wa Ngorongoro, Longido na Simanjiro, mifugo ikianza kutupa mimba kwa wingi baada ya mafuriko, muiteni daktari wa mifugo na msichinje. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilianzia mkoani Arusha na kufika hadi Dodoma na Morogoro. Maziwa yachemsheni, na aliyesaidia mnyama kuzaa bila glavu kisha akapata homa aseme hivyo hospitalini.

Limebaki suala la shule. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji korongoni jijini Arusha na watoto wakafa. Zungumza na dereva na mwalimu mkuu wiki hii, kabla ya tahadhari nyingine kutolewa. Waulize ni nani anayeamua gari lisivuke, na mtoto atalala wapi siku hiyo.