Mfungaji ana mama mmoja
NJE YA CHAKI na Rehema Mbwilo

Kijana akishanunua kamera na kusikia kuna mashindano ya watoto mtaani kwao, jambo la kwanza huenda kukaa nyuma ya goli. Ndiko wanakokaa wapiga picha wa Ligi Kuu anaowaona kwenye televisheni, naye anaiga. Kinachomponza ni kwamba wale wanapigia magazeti, na gazeti linataka bao. Watoto wa chini ya miaka 15 hawana gazeti linalowasubiri. Wana wazazi, na mfungaji ana mama mmoja tu.

Nililiona Temeke, kwenye bonanza la shule za msingi. Mama wa makamo alimfuata mpiga picha, elfu tano mkononi, ishakunjwa. "Mwanangu, wangu ni yule kipa wa jezi ya njano. Hebu nionyeshe." Kijana akaanza kupekua kwenye kioo cha kamera: mshambuliaji wa timu pinzani anapiga, anashangilia, anabebwa juu juu. Kipa alitokea mara mbili, zote yuko chini na mpira uko wavuni. "Nisamehe mama, sikumpata vizuri." Mama hakugomba. Elfu tano ikarudi kwenye pindo la khanga.

Sasa tupige hesabu. Mashindano ya timu 16, kila timu watoto 18, ni watoto 288. Makundi manne ya timu nne nne yana mechi 24, na zikiisha, nusu ya timu zinarudi nyumbani. Siku ya fainali uwanja umefurika, muziki unapigwa, mpiga picha anatamba na kizibao chake, lakini timu 14 zilishapanda Coaster zikaenda zao. Wateja wake 252 hawapo! Pesa ya kazi hii iko siku ya kwanza, asubuhi, wakati hata majukwaa hayajapata watu, na hapo ndipo wengi wanapokuwa bado wanatafuta chai.

Anayeijua kazi huanza na mwalimu wa michezo. Anapiga picha fomu ya majina na namba za jezi, kisha timu nzima imesimama, kisha kila mtoto peke yake na mpira, sekunde kumi kumi. Wote 18 wanakwisha ndani ya dakika tatu, na wale ambao hawatatoka benchi siku nzima nao wamo. Mpira ukianza, msaidizi ana ile orodha na kalamu: namba nne tayari, namba saba tayari, namba mbili bado, mfuate. Bao likija, sawa, lichukue. Kupiga magoti ni lazima, maana ukiwapiga picha watoto ukiwa umesimama utarudi na visogo na vipara. Kasi ya 1/1000 ya sekunde inatosha kuugandisha mpira hewani. Jua la saa sita linamfunika mtoto uso kwa kivuli cha paji lake mwenyewe, hivyo mechi za kutegemea ni za saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni mwako.

Tatizo kubwa zaidi ni kufanya kazi kwa kubahatisha, yaani unapiga, unasafisha, halafu unaanza kutafuta wa kununua. Nyanya zilizokosa mteja Tandika asubuhi zitauzwa bei ya kutupa Buguruni jioni. Picha ya mtoto wa Darasa la Sita ikikataliwa na baba yake haina mnunuzi wa pili. Na akijitokeza huyo wa pili, usimuuzie, nitalirudia hilo.

Wengi siku hizi hawasafishi kwanza, wanatuma sampuli kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mzazi anapiga skrinshoti, anaiweka status, ndugu wanampongeza, biashara imekwisha. Kuweka jina lako katikati ya picha kunasaidia kidogo, ingawa nimeona watu wakiziweka status hivyo hivyo, na jina la studio limekatiza kifuani kwa mtoto. Simu ya mzazi haijaiweza picha iliyosafishwa ikawekwa kwenye fremu, yenye nembo ya mashindano na mwaka. Hiyo inakwenda ukutani sebuleni, na kila mgeni anaonyeshwa.

Ndiyo maana nasema pesa ilipwe kabla ya filimbi. Tuseme kila timu inaongeza Sh3,000 kwa mtoto kwenye ada ya kushiriki, na kila mtoto anapata picha moja iliyosafishwa. Ni Sh864,000. Kusafisha kukiwa Sh1,000 kwa picha, inabaki Sh576,000 kabla ya nauli na msaidizi. Ukienda kwa kubahatisha, ukauza kwa Sh5,000 na akanunua mmoja kati ya sita, una wateja 48, Sh240,000, toa za kusafisha ubaki na Sh192,000, nusu yake ikiwa bado kwa watu wanaosema "nitakurushia jioni." Mzazi wa njia ya kwanza analipa kidogo kuliko wa njia ya pili na mpiga picha anapata mara tatu. Zaidi ya hapo, mtoto wa benchi naye ana picha.

Wapo watakaosema hili ni la akademia zenye wazazi wa kulipa ada. Sikubali. Kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya kitaifa ya shule za msingi na za sekondari, watoto husafiri na timu ya mkoa, na mzazi aliyebaki Newala mwanawe akicheza Tabora hawezi kumpiga picha kwa simu yake. Huyo ana hamu na picha kuliko yule aliyesimama pembeni ya uwanja, na Lipa Namba inafika Newala.

Turudi kwa mnunuzi wa pili. Picha za mtoto anauziwa mzazi wake, timu yake au shule yake, basi. Mtu asiyejulikana anayeulizia picha za wasichana wa netiboli "za kumbukumbu" anyimwe, na albamu za wazi mtandaoni, zenye jina la mtoto, shule na uwanja anaofanyia mazoezi, zifungwe. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Huku kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Sentensi moja ya ridhaa kwenye fomu ya ushiriki ambayo mzazi anaisaini vyovyote vile inatosha kuanzia, na mzazi akikataa, msaidizi anaikata ile namba kwenye orodha.

Waandaaji nao wana lao. Marekani, kampuni za picha huwagawia waandaaji sehemu ya mauzo ili ziruhusiwe peke yake uwanjani, na sioni ubaya mwandaaji wa kwetu akidai asilimia zake. Ubaya ni kuwaita wapiga picha sita, kuwapa soda na kizibao, kisha kudai picha zote ni mali ya mashindano. Nani amiliki nini kiandikwe kabla. Na yale masaa mawili ambayo mpiga picha huyatumia kumfuata mgeni rasmi akikagua timu, akipiga mpira wa ufunguzi, akila chakula, huku timu tatu zikicheza na kuondoka bila kupigwa hata picha moja, nayo yawe na mstari wake kwenye mkataba, na bei yake.