Kazi za Ndugu Zetu Wasioona

Juma hili napenda tuzungumze juu ya kazi za ndugu zetu wasioona. Wako wazazi ambao, wakijaliwa mtoto kipofu, huuliza: "Shule itamfaa nini, ikiwa mwisho wake ni kuketi nyumbani?" Swali hilo si dogo, na jawabu lake twaweza kulipata kwa kutazama jinsi mambo yalivyobadilika hapa Kenya.

Zamani kipofu alikuwa na njia chache mno. Mwenye jamaa wema alipewa kazi ndogo ndogo za nyumbani. Asiye nao aliketi kando ya njia akiomba. Hakukosa akili wala nguvu, bali alikosa wa kumfundisha. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu huko Thika. Watoto wakajifunza kusoma kwa vidole yale maandishi ya nukta yaliyobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa, ambaye mwenyewe alikuwa kipofu. Mwaka 1958 kikaanzishwa chuo cha ufundi cha wasioona huko Machakos.

Kazi za kwanza zilikuwa za mikono, kama vile kusuka vikapu. Baadaye wengine waliingia maofisini, wakawa makarani wa simu. Karani alipokea simu zote za ofisi, akaziunganisha na wenyewe kwa kupapasa mtambo wake. Kazi hiyo yataka sikio jepesi, ulimi wa adabu na kumbukumbu njema. Wengine walipiga taipu, kwa maana mpiga taipu hodari hatazami vidole vyake.

Walakini dunia haikai mahali pamoja. Simu za kupigiana moja kwa moja zilipoenea, kisha zikaja za mkononi, ofisi nyingi hazikumhitaji tena karani wa kuunganisha. Taipureta nazo zikawekwa kando. Basi kazi iliyopatikana kwa taabu ikapotea, wala kosa halikuwa la kipofu.

Lakini mitambo hiyo mipya imeleta na kazi zake. Siku hizi kompyuta na simu zaweza kusoma kwa sauti maneno yaliyo kwenye kioo. Tangu mwaka 2006 iko programu iitwayo NVDA, ambayo hupatikana bila malipo. Kwa vyombo hivi asiyeona husoma hati na kuandika barua pasipo kumtegemea mtu wa kumsomea. Leo wako walimu na mawakili wasioona. Na Bi Crystal Asige, mwenye ulemavu wa macho, aliingia katika Seneti mwaka 2022.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yataka hatua kwa hatua watu wenye ulemavu wasipungue asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma. Hiyo ni sheria njema. Hata hivyo, yuko mwajiri ambaye akiiona fimbo nyeupe mlangoni hufunga daftari lake kabla ya kuuliza mwenye fimbo ajua kazi gani.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, mpelekeni mtoto shuleni, wala msiridhike afundishwe kazi moja tu. Ajue maandishi ya Braille, ajue na kompyuta. Chombo cha leo chaweza kuondoka kesho, bali aliyezoea kujifunza atakishika kile kitakachofuata. Nanyi waajiri, mpeni asiyeona jaribio lile lile mnalowapa wengine, kwa vyombo anavyoweza kutumia. Akishindwa, mwambieni ameshindwa. Akifaulu, mpeni kazi na mshahara wake kamili. Hiyo si sadaka. Tena tukumbuke neno la wazee: hujafa hujaumbika. Hakuna miongoni mwetu ajuaye macho yake yatamfikisha wapi.