Mashine ya Mwakani Haijui Mlima

Kila inapokaribia Februari na Machi, waendeshaji wa pikipiki za theluji katika milima ya Rocky, kuanzia British Columbia hadi Idaho, Montana na Wyoming, huanza kubashiri. Huo ndio wakati ambapo Ski-Doo, Polaris na wenzao hutangaza matoleo ya msimu ujao. Gereji, kwenye maegesho chini ya mlima na mezani jioni, habari ni hiyo hiyo. Uzito utapungua kilo ngapi? Turbo itafungwa kwenye injini ipi? Mkanda utarefushwa tena? Wapo wanaosoma maombi ya hataza mstari kwa mstari wakitafuta dokezo la kilichofichwa kiwandani.

Ubashiri huo umesimama juu ya imani moja ambayo ni wachache wanaoitilia shaka: kwamba kinachomzuia mtu kufika juu ni mashine aliyonayo, na inayokuja itamwondolea kizuizi hicho. Nasema imani hiyo ni ya uongo, na katika nchi ya theluji kubwa uongo wa namna hiyo unaua.

Mashine ya milimani si ile ya kukimbilia njia zilizoshindiliwa. Ina ski mbili nyembamba mbele, usukani uliosimama wima, na nyuma mkanda mmoja wa mpira wenye meno marefu unaochimba theluji laini na kuisukuma mashine mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkanda wa inchi 136 ulihesabiwa kuwa mrefu. Leo wa inchi 165 ni wa kawaida, na meno yake hufika inchi 3. Injini za mipigo miwili za sentimita za ujazo 850 hutoa nguvu za farasi 165 hivi, kwenye chombo chenye uzito wa kilo mia mbili na ushei. Atakayeniambia kwamba chombo hicho hakitoshi anieleze ni mlima gani anaousema.

Zamani mlima wenyewe ulikuwa na namna yake ya kumchuja mtu. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Kwenye kimo cha mita 3,000 karibu theluthi moja ya nguvu imekwisha. Basi mtu alilazimika kujifunza: kuegemeza mwili upande wa juu, kuikata miteremko kwa ubavu, kuchagua mstari kati ya misonobari, kujua pa kugeukia kabla mashine haijazama. Kazi hiyo ilichukua misimu, na katika misimu hiyo alijifunza pia theluji yenyewe. Aliona upepo unavyoihamisha kutoka upande mmoja wa kilele na kuirundika upande wa pili. Alisikia ile sauti nzito ya tabaka linaloporomoka chini ya miguu, akaona wakubwa zake wakigeuza njia bila kujadiliana.

Kisha katika matoleo ya 2020 Ski-Doo ilileta injini ya mipigo miwili yenye turbo kutoka kiwandani, inayohifadhi nguvu zake zote 165 hadi kimo cha mita 2,400 hivi. Polaris ikafuata na yake katika matoleo ya 2022. Kama uhandisi, ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini kichujio kiliondoka. Mtu mwenye msimu mmoja, mwenye mkopo wa benki na kidole gumba kwenye kichapuzi, sasa anaweza kufika katikati ya mteremko ambao zamani ulimhitaji mtu wa miaka kumi. Amefika pale bila ile miaka kumi.

Na pale ndipo penye hatari. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, miteremko ile ile inayosifiwa kwa mashine hizi. Bamba gumu la theluji limelala juu ya tabaka dhaifu, punje zisizoshikana kama sukari, na uzito wa mwendeshaji mmoja unatosha kulikata. Likishakatika, hakuna nguvu ya farasi inayokuhakikishia kutoka. Aliyefukiwa kabisa ana matumaini mema akichimbuliwa ndani ya dakika kumi hivi. Baada ya hapo nafasi yake huporomoka vibaya. Mwokozi wake ni mwenzake aliye jirani, mwenye kifaa cha kunasa mawimbi, fito ya kupimia na koleo, anayejua kuvitumia huku mikono ikimtetemeka.

Tarehe 28 Desemba 2008, wanaume 11 kutoka mji wa Sparwood, British Columbia, walikuwa katika eneo la Harvey Pass, karibu na Fernie. Poromoko la kwanza liliwafukia saba. Wanne waliobaki wakakimbilia kuchimba, na poromoko jingine likawakuta pale pale. Watu 8 walikufa, wote wa mji mmoja mdogo. Machi 2010, katika mlima wa Boulder jirani na Revelstoke, umati ulikusanyika kutazama wapandaji wakishindana nani atafika juu zaidi. Mteremko ukashuka juu ya watazamaji, 2 wakafa na wengi wakajeruhiwa. Januari 2016 wakafa 5 katika eneo la Renshaw, karibu na McBride. Hakuna hata mmoja kati ya misiba hiyo uliosababishwa na upungufu wa nguvu za injini.

Najua nitakavyojibiwa. Mashine nyepesi huokoa mgongo wa mtu wa miaka sitini, huwafungulia mlango wanawake na vijana wenye miili midogo, na injini mpya haikuachi bondeni jua likizama. Kweli tupu, na sitaki mtu arudi kwenye chuma kizito cha baba yake. Ila tuangalie nafuu hiyo inatumiwaje. Mgongo uliopumzika unapewa mteremko mkali zaidi. Mafuta yaliyosalia yanapewa bonde la mbali zaidi, nje ya njia ya waokoaji. Kila hatua mpya ya ufundi inageuzwa upesi kuwa ruhusa ya kwenda tusikokujua, na tukishafika huko tunaanza tena kulalamika kwamba mashine haitoshi.

Biashara nayo imejengwa juu ya papara hiyo. Matoleo yanayotamaniwa sana huagizwa majira ya kuchipua, kwa amana, ndani ya wiki chache, kisha kiwanda huunda na kukabidhi wakati wa vuli. Unanunua wakati theluji inayeyuka, kwa sifa ulizosikia, kitu ambacho pengine hujawahi kukikalia. Na kwa toleo la turbo, dola 20,000 za Marekani si bei ya kushangaza tena. Anayeagiza mwaka wa kwanza wa injini mpya ndiye anayegundua kasoro zake.

Halafu kuna kampuni zenyewe. Yamaha ilitangaza 2023 kwamba inaachana na pikipiki za theluji, na kwa Amerika Kaskazini matoleo ya 2025 yangekuwa ya mwisho. Arctic Cat ya Thief River Falls, Minnesota, iliyowahi kufilisika 1981 na kufufuka, ilisimamishiwa uzalishaji na Textron, kampuni iliyoimiliki, mwishoni mwa 2024, ikauzwa kwa wamiliki wapya 2025. Mashabiki walikuwa wakibishana kuhusu turbo ya toleo lijalo, kumbe swali lilikuwa kama kiwanda kitafunguliwa. Ningependa kuona hamu ile ile ikielekezwa kwenye vipuri: vitapatikana kwa miaka mingapi, na fundi wa mji mdogo ataruhusiwa kuitengeneza mashine kwa mikono yake?

Kozi ya kwanza ya usalama wa maporomoko nchini Kanada huchukua siku mbili, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine. Taarifa ya hali ya theluji inayotolewa na Avalanche Canada, yenye makao yake Revelstoke, ni bure. Basi nawataka wauzaji wafanye jambo moja Machi ijayo: mteja asitie sahihi agizo la mashine ya milimani kabla hajaonyesha cheti cha kozi hiyo, au hajajiandikisha kuifanya kabla ya kukabidhiwa funguo. Vilabu navyo viweke mazoezi ya kutafuta aliyefukiwa pale pale kwenye maegesho, kila Novemba, kabla ya safari ya kwanza, na asiyeweza kumpata mwenzake ndani ya dakika chache abaki chini siku hiyo, hata kama mashine yake imetoka kiwandani wiki iliyopita.