Mbwa mkali getini, mtoto ndani: mzazi ajue nini?

Anayepita barabara ya Bagamoyo kuanzia Bunju, akaingia Mapinga, Kerege na Zinga, ataona mageti mengi mapya yenye maandishi ya rangi nyekundu: "Mbwa Mkali". Huko viwanja vinajengwa kila siku, nyumba bado ziko mbalimbali, na usiku mtu huwa na wasiwasi wa wezi. Familia ikihamia, huanza na ukuta, kisha geti, kisha mbwa. Wengi hawaridhiki tena na mbwa wa kienyeji. Wanatafuta mbwa wa mbegu: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, na wapo wanaoulizia pit bull.

Hapo ndipo mabishano huanza ndani ya nyumba. Baba anataka mbwa ambaye mwizi akisikia sauti yake tu atageuza. Mama anamtazama mtoto wa miaka mitatu anayechezea kila kitu na kuuliza: huyo mbwa atajuaje nani mwizi na nani mwanangu? Wote wawili wana hoja.

Kwanza, tuangalie sifa ya ukali imetoka wapi. Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil, Ujerumani, alikotumika kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. German Shepherd alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo kabla ya kuwa mbwa wa polisi. Boerboel ni mbwa wa kulinda mashamba, Afrika Kusini. Pit bull ndiye mwenye historia mbaya zaidi, kwani ametokana na mbwa waliozalishwa ili wapiganishwe. Kwa hiyo sifa hizo si uvumi mtupu. Mbwa mwenye kilo 50 na taya pana akiuma, jeraha lake si sawa na la mbwa mdogo, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kwa sababu uso na shingo yake viko usawa wa mdomo wa mbwa.

Nchi nyingine zimejaribu kumaliza tatizo kwa kupiga marufuku aina fulani. Uingereza ilitunga sheria ya mbwa hatari mwaka 1991 na kutaja aina nne, pit bull akiwemo. Miaka zaidi ya 30 baadaye aina ya tano, XL Bully, iliongezwa: tangu tarehe 1 Februari 2024, kumfuga England na Wales bila kibali maalumu ni kosa. Uholanzi ilikwenda kinyume. Mwaka 2008 iliamua kuondoa marufuku yake ya pit bull baada ya kuona kwamba watu waliendelea kuumwa na mbwa vilevile. Sababu inaeleweka: mbwa wa aina yoyote anaweza kuuma, na mara nyingi anayemuuma mtoto ni mbwa anayefahamika, wa nyumbani au wa jirani.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mbwa ni hivyo hivyo. Tazama anavyofugwa mbwa wa ulinzi katika nyumba nyingi: analetwa akiwa mdogo, anafungwa mnyororo au kufungiwa bandani mchana kutwa, hazungumzishwi, anapigwa akibweka ovyo, analishwa akikumbukwa, kisha usiku anafunguliwa. Wapo wanaoamini kwamba ukimnyima mbwa mazoea na watu atakuwa mlinzi bora. Ukweli ni kwamba mbwa wa namna hiyo hajui kutofautisha. Siku mnyororo ukikatika au mtu akisahau kufunga banda, kila anayekimbia mbele yake ni adui, hata kama ni mtoto wa mwenye nyumba anayefuata mpira. Mbwa aliyezoeshwa watu wa nyumbani tangu akiwa mdogo, anayetembezwa na kufundishwa kutii, hulinda nyumba vizuri bila kuwa tishio kwa wanaoishi ndani yake.

Mzazi anayetaka mbwa, basi, ajiulize kabla ya kutoa pesa: nani atamlisha na kumfundisha kila siku? Ukuta na geti vinafungika kweli? Chakula cha mbwa mkubwa kitapatikana mwezi mzima? Kama majibu hayapo, taa nzuri ya nje na mbwa wa kienyeji aliyetunzwa vinatosha. Tena mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mpole anayelala mlangoni.

Upande wa pili ni hatari ambayo haiangalii mbegu kabisa: kichaa cha mbwa. Duniani ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takribani wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mbwa koko mwembamba anayezurura sokoni, au kitoto cha mbwa kilichomkwaruza mtoto kwa meno, anaweza kuwa hatari kuliko Rottweiler aliyechanjwa anayebweka nyuma ya geti.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika. Mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa katika eneo, maambukizi hukatika. Ushahidi haupo mbali. Pemba iliutokomeza mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016, chanjo ikarudiwa, ukatokomezwa tena mwaka 2018. Wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ina tawi Bagamoyo, walikuwa miongoni mwa waliofuatilia kazi hiyo. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudia kila mwaka. Mwenye mbwa amwone afisa mifugo wa kata yake na aitunze kadi ya chanjo.

Hata nyumba isiyofuga mbwa ina jukumu. Familia nyingi za Bagamoyo hazimwingizi mbwa ndani kwa sababu ya twahara, na hilo ni sawa. Lakini mtoto wa nyumba hiyo atakutana na mbwa alfajiri akienda shule, jioni akitoka madrasa, au pwani wavuvi wanapoleta samaki. Kama alichofundishwa ni kumrushia jiwe au kutimua mbio, basi amefundishwa mambo mawili yanayomchokoza mbwa zaidi. Afundishwe haya:

Asikimbie wala kupiga kelele. Asimame wima kama mti, mikono ubavuni, asimkazie mbwa macho, kisha arudi nyuma polepole mbwa akishatulia.

Akiangushwa, ajikunje kama mpira na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Asimsogelee mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa, au anayenyonyesha.

Akimwona mbwa anayetoka mate mengi, anayeyumba, au anayeuma hovyo vitu, aondoke na kumwambia mtu mzima.

Mtoto akiumwa, kukwaruzwa kwa meno, au kulambwa kwenye kidonda, osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba, na usifunge kidonda kwa kukaza. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Sindano za chanjo hutolewa zaidi ya mara moja kwa siku zilizopangwa, na zote zikamilishwe, kwani dalili za ugonjwa zinaweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza. Mtoe taarifa pia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa afisa mifugo. Kama mbwa anajulikana asiuawe haraka. Mbwa aliye hai hufungiwa na kuangaliwa kwa siku kumi, na hilo humsaidia daktari. Kumwangalia mbwa si sababu ya kuchelewesha sindano.

Na wenye mbwa wakubali wajibu wao. Jirani akija na mtoto aliyeumwa, kusema "alimchokoza mwenyewe" hakusaidii. Kinachotakiwa ni kadi ya chanjo na nauli ya hospitali, mengine yazungumzwe baadaye mbele ya mwenyekiti.

Lililo gumu zaidi ni kwamba watoto wengi huficha. Mtoto aliyekatazwa kupita kwa jirani, akaumwa huko, huvaa suruali ndefu na kunyamaza kwa kuogopa fimbo. Kila siku anayonyamaza inamwibia nafasi ya kuokolewa. Jioni ya leo, wakati wa chakula, waambie watoto neno hili waziwazi: ukiumwa na mbwa, popote, hata kama ulikosea, njoo useme. Hutapigwa.