Ngome na Vita vya Ndugu

Mtu atokaye Mkomani akaelekea kusini hafiki mbali ila huiona Ngome ya Lamu. Wengi huidhani kuwa ukumbusho wa ushindi. Si hivyo kabisa.

Yapata mwaka 1812, watu wa Pate walipatana na Wamazrui wa Mombasa kuupiga mji wa Lamu. Vita hivyo vilikuwa vya ndugu, watu wa dini moja na lugha moja, tena waliooana. Na Waamu wenyewe walikuwa wamegawanyika pande mbili, Zena na Suudi, kila upande ukiutilia shaka mwenziwe. Hata hivyo maadui waliposhuka Shela, mji ulitoka kupigana. Wavamizi walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekwama mchangani. Wengi waliuawa papo hapo pwani.

Siku ile raia walitimiza wajibu wao, wala hapana wa kuwalaumu. Lakini kuipenda nchi siku ya vita ni rahisi, kwa kuwa adui huonekana. Kumwamini jirani baada ya vita ndiko kuliko kugumu. Kwa kuogopa kisasi, na pengine kwa kuogopana, Waamu walimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Akaleta liwali na askari, na ngome iliyoanzwa na mtawala wa Pate ikamalizika mwaka 1821 chini ya amri yake.

Zena na Suudi, walioshindana nani autawale mji, wote wakawa raia wa liwali mmoja.