Kiswahili na Bahari za Mbali

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hutosha kueleza kaskazi na kusi tu, na kwamba bahari za latitudo za kati zinahitaji lugha za kigeni. Dai hili halina mashiko.

Tuchukue Atlantiki ya Kaskazini. Mkondo wa Ghuba hupitisha maji yenye joto kando ya pwani ya mashariki ya Marekani. Majira ya baridi, upepo mkavu kutoka bara huvuma juu yake, ukachukua joto na mvuke, na dhoruba zikapata nguvu. Upepo huo nao huyakoroga na kuyapoza maji. Mwaka 1976, Klaus Hasselmann, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, alionyesha jinsi bahari inavyolimbikiza misukosuko ya siku chache ya hali ya hewa hadi ikawa mabadiliko ya tabianchi ya miaka mingi. Ndiyo maana husemwa kuwa bahari ina kumbukumbu.

Mkondo, mvuke, joto na dhoruba ni maneno ya kila siku. Upungufu basi si wa lugha, bali wa wanaoipa kisogo. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuiandika sayansi yenyewe, si kuorodhesha istilahi tu. Istilahi isiyotumiwa ni jahazi lisiloshushwa majini.