Ukame wa Bariadi si Hukumu

Hoja iliyochapishwa kwamba ukame unaokausha pamba ya Bariadi ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za wakulima haisimami hata mbele ya Kitabu cha Ayubu, ambamo Mungu anawakemea marafiki waliomhukumu Ayubu mgonjwa kuwa mkosaji. Tena ni hoja ya hatari: Usukumani, iliko Bariadi, imani kwamba kila msiba una mkosaji imegharimu uhai wa vikongwe walioshukiwa uchawi kwa macho mekundu tu, wekundu ambao mara nyingi hutokana na moshi wa kuni na samadi kavu ya ng'ombe jikoni. Haki ya Mungu, yaani uadilifu wake usiomwonea mtu, humruhusu mfiwa kulia na kuhoji, kama Ayubu alivyohoji, bila kuhesabiwa kuwa amekufuru, wala haimpi jirani yeyote mamlaka ya kutafuta mchawi.